MAELEZO JUU YA UCHUNGUZI WA MAARIFA NA MWENENDO KUHUSU UKIMWI NA MARADHI YA ZINAA KATIKA MAKUNDI YALIYO HATARINI

Kwa miaka mingi sasa hapa Zanzibar kumekuwa kukifanyika uchunguzi wa namna mbalimbali ili kujua wananchi wanaelewa nini kuhusu UKIMWI na maradhi ya zinaa, na wanaishi vipi kwa kuzingatia maarifa hayo. Uchunguzi unaofanywa majumbani umekwisha kuzoeleka. Ule unaowahusu watu walio katika hatari kubwa zaidi bado huzusha maswali miongoni mwa wananchi, na hata miongoni mwa watumishi wa Serikali. Huulizwa kwa nini majina ya wanaohojiwa hayaandikwi. Kwa nini sheha haletewi orodha yao. Na kwa nini mtu ambaye mwenendo wake unakatazwa na sheria anapewa nauli na kuachwa aende zake. Maelezo yanayofuata yanakusudiwa kuyajibu maswali hayo na kuonyesha namna ya kuyasoma matokeo ya uchunguzi wa aina hii.

1. ASILI YA UCHUNGUZI HUU

Wagonjwa 3 wa mwanzo wa UKIMWI waligunduliwa Zanzibar mwaka 1986. Mwaka uliofuata, 1987, Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kudhibiti maradhi hayo, na mwaka 2002 ikaundwa Tume ya UKIMWI Zanzibar ili kuratibu kazi hiyo katika sekta zote.

Katika miaka ya mwanzo, habari nyingi zilitokana na kliniki za wajawazito. Mama alipotolewa damu kwa ajili ya kupimwa kaswende, sehemu iliyobaki iliweza kupimwa virusi vya UKIMWI baada ya kuondolewa kila alama inayomtambulisha. Njia hiyo ilikuwa nyepesi na ya gharama ndogo, lakini iliwaeleza wanawake wenye mimba tu. Mwanamume, kijana asiyeoa na mwanamke asiyefika kliniki hawakuonekana humo.

Baadaye ukafuata uchunguzi wa kaya. Uchunguzi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 0.6 ya watu wa Zanzibar walikuwa na virusi. Uchunguzi wa kaya wa mwaka 2007–08 nao ulitoa asilimia 0.6, na ule wa mwaka 2011–12 ukatoa asilimia 1.0, kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kwa kulinganisha na Tanzania Bara, viwango hivyo ni vidogo sana, na wengi waliona kwamba Zanzibar imesalimika.

Mwaka 2007, hata hivyo, ulifanyika Unguja uchunguzi uliowalenga watu wa makundi matatu. Miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano, asilimia 16.0 walikutwa na virusi. Miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, ambapo walishiriki watu 509, kiwango kilikuwa asilimia 12.3, na miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono asilimia 10.8. Ilidhihirika kwamba kisiwa kimoja kinaweza kuwa na hali mbili kwa wakati mmoja: kiwango cha chini kabisa kwa wananchi kwa jumla, na kiwango cha juu sana katika makundi machache. Wataalamu huiita hali hiyo maambukizi yaliyojikita, na kwa kawaida kipimo chake ni kiwango kisichofika asilimia 1 kwa umma na kinachozidi asilimia 5 katika kundi moja au zaidi.

2. WATU WALIO HATARINI NI NANI

Mtu huhesabiwa kuwa yumo hatarini kwa sababu ya mazingira yake, si kwa sababu ya kabila, mtaa au sura yake. Wamo wanaotumia bomba moja la sindano watu wawili au zaidi. Wamo wanawake wanaouza ngono ambao mteja akikataa kutumia kondomu hawana nguvu ya kumlazimisha. Wamo wanaume wanaojamiiana na wanaume, ambao wengi wao huogopa kumweleza daktari ukweli wa maradhi yao. Wataalamu hutazama pia vijana waliotoka skuli mapema wakakosa kazi, wavuvi wa dago wanaokaa miezi mbali na nyumba zao, na waliomo katika vyuo vya mafunzo wanakotumikia adhabu.

Makundi haya hayakutengwa na jamii kwa ukuta. Mnunuzi wa ngono mara nyingi ni mume wa mtu. Anayejidunga ana mke au mchumba. Mwanamume anayejamiiana na wanaume huweza kuwa ameoa na ana watoto. Kwa hiyo habari zao zinaihusu kila nyumba, hata ile inayodhani haina uhusiano wowote nao.

3. MAMBO YANAYOULIZWA

Dodoso la uchunguzi huwa na sehemu kuu tatu: maarifa, mwenendo na matumizi ya huduma.

Katika maarifa yapo maswali 5 ambayo yametumika katika nchi nyingi, ili matokeo ya mahali pamoja yaweze kulinganishwa na ya pengine. Mhojiwa huulizwa iwapo mtu anaweza kupunguza hatari kwa kuwa na mwenza mmoja tu asiye na virusi na asiye na mwenza mwingine. Iwapo kutumia kondomu kila mara hupunguza hatari. Na iwapo mtu mwenye afya njema kwa kumtazama anaweza kuwa na virusi. Kisha huulizwa juu ya dhana mbili potofu zinazojulikana zaidi mahali hapo, kwa mfano kuambukizwa kwa kuumwa na mbu au kwa kula pamoja na mgonjwa. Anayehesabiwa kuwa na maarifa kamili ni yule tu aliyejibu sawa maswali yote 5. Kwa utaratibu huo, mtaa ambao takriban kila mtu amesikia habari za UKIMWI unaweza kuwa na watu wachache wenye maarifa kamili, kwa kuwa kusikia jina la maradhi na kuelewa yanavyoambukizwa ni mambo mawili.

Siku hizi madodoso mengi huongeza maswali yaliyoletwa na maendeleo ya tiba: kama mhojiwa anafahamu kwamba mwenye virusi anayetumia dawa zake sawasawa hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, na kama amesikia habari za dawa anazoweza kutumia mtu asiye na virusi ili kujikinga.

Katika mwenendo, swali hupangwa kwa namna ya kuisaidia kumbukumbu na kuipunguza haya. Mtu akiulizwa iwapo hutumia kondomu daima, wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa hilo ndilo jibu linalopendeza masikioni. Akiulizwa juu ya mara ya mwisho tu, jibu huwa karibu zaidi na kweli. Ndiyo sababu dodoso hurejea mara kwa mara kwenye tendo la mwisho, sindano ya mwisho na mteja wa mwisho. Muda nao huwekewa mipaka: siku 30 zilizopita au miezi 12 iliyopita. Kwa watu wengi wa Unguja na Pemba miezi 12 hukumbukwa vyema zaidi ikifungwa na jambo linalojulikana, kama vile Ramadhani iliyopita, sikukuu ya Iddi au masika. Aidha, kazi ya kuhoji haifai kuangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mwenendo wa watu katika mwezi huo si ule wa miezi mingine, na swali la siku 30 zilizopita litatoa picha isiyo ya kawaida.

Lugha ya dodoso hupimwa kabla ya kazi kuanza. Neno linalofaa katika waraka wa ofisi huenda lisieleweke maskani, na neno la maskani huenda likamuudhi mama wa makamo. Kwa hiyo dodoso hutafsiriwa, hurejeshwa katika lugha ya asili na mtu mwingine ili kuhakikisha kuwa maana haikupotea, kisha hujaribiwa kwa watu wachache wa kundi linalohusika.

4. NAMNA WANAVYOPATIKANA WAHOJIWA

Katika uchunguzi wa kaya kazi huanza na orodha. Shehia huchaguliwa kwa bahati nasibu. Nyumba zake huorodheshwa, kisha kaya chache huchaguliwa kutoka katika orodha hiyo. Sheha huwajulisha wachunguzi kwa wakaazi na msaada wake ni mkubwa.

Kwa watu wa makundi yaliyo hatarini hakuna orodha, na haiwezekani kuitunga. Hakuna anayekaa barazani kwake akamwambia mgeni mwenye kalamu kwamba yeye hujidunga heroini. Kwa sababu hiyo hutumika njia ya kualikana, iliyoelezwa mwaka 1997 na mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn. Ndiyo njia iliyotumika Unguja mwaka 2007.

Njia hiyo huanza na watu wachache wa kundi lenyewe, ambao huitwa mbegu. Kila mbegu, baada ya kuhojiwa, hupewa kuponi chache, kwa kawaida 3, awape watu wa kundi lake anaowafahamu. Mwenye kuponi huja mwenyewe kwa khiari yake kwenye ofisi ya uchunguzi, huhojiwa faraghani, hupimwa iwapo ameridhia, na yeye naye hupewa kuponi 3. Iwapo kila kuponi itarejea, mbegu moja italeta watu 3, hao wataleta 9, kisha 27, kisha 81, na katika duru ya tano watu 243. Kwa kawaida kuponi nyingi hupotea njiani, lakini duru zinapokuwa nyingi uchunguzi huwafikia watu ambao mbegu wa mwanzo hawakuwahi kuwaona.

Kuponi huwa na namba tu. Namba hiyo huonyesha nani alialikwa na kuponi ya nani, bila ya jina la yeyote. Mshiriki hurejeshewa nauli na kufidiwa muda wake, na hupewa kiasi kidogo zaidi kwa kila mwaliko wake uliofika. Malipo hayo huwekwa madogo kwa makusudi, ili asije mtu asiyehusika kwa ajili ya fedha.

Kila mhojiwa huulizwa pia anawafahamu watu wangapi wa kundi lake. Swali hilo huwashangaza wengi, ilhali ndilo linalosawazisha hesabu. Mtu anayefahamiana na wenzake 40 ana nafasi ya kualikwa mara 10 zaidi ya yule anayefahamiana na 4. Kama majibu yote yangehesabiwa sawasawa, wenye marafiki wengi wangesikika kuliko kiasi chao. Kwa hiyo jibu la yule wa mwanzo hupewa uzito wa sehemu moja ya kumi ya uzito wa jibu la yule wa pili. Kutokana na mizani hiyo, asilimia inayotangazwa huenda isilingane na hesabu ya vichwa mtu akiitazama kwa haraka.

5. SIRI NI SEHEMU YA KIPIMO

Kuuza ngono, kutumia dawa za kulevya na wanaume kujamiiana kwa wanaume ni mambo yanayokatazwa na sheria za Zanzibar. Uchunguzi hauyahalalishi, wala haukuwekwa kuyashitaki. Kazi yake ni kupima, kama kipimajoto kinavyopima homa pasipo kuuliza imetokana na nini.

Wapo wanaodhani kwamba kuficha majina ni upole kwa watu wasiostahili. Dhana hiyo inasahau namna njia ya kualikana inavyofanya kazi. Kila mshiriki humwalika mwenzake kwa dhamana ya uzoefu wake mwenyewe: aliingia, akahojiwa, akatoka salama, na hakuna aliyejua. Siku atakapokamatwa mtu mmoja mlangoni mwa ofisi ya uchunguzi, au jina moja litakapotajwa barazani, habari hiyo itatembea kwa njia zile zile zilizotembeza kuponi, na kwa kasi kubwa zaidi. Minyororo itakatika. Watakaoendelea kuja ni wale wasio na la kuogopa, na aghalabu hao si wale walio katika hatari kubwa.

Hapo ndipo penye madhara makubwa zaidi kwa Serikali. Uchunguzi uliovunjika siri hauachi kutoa namba. Hutoa namba iliyo ndogo kuliko ukweli. Maafisa wataipokea kwa furaha, bajeti ya kinga itapunguzwa, na maambukizi yataendelea pale ambapo hakuna tena anayetazama. Kosa la aina hiyo ni gumu kugunduliwa, kwa kuwa linafanana na mafanikio.

Kwa sababu hiyo utaratibu huhitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kabla ya kazi kuanza. Mhojiwa husomewa maelezo na kuulizwa ridhaa yake. Anaweza kukataa swali lolote, kukataa kutolewa damu, au kuondoka katikati ya mahojiano. Majibu ya vipimo hupewa yeye peke yake pamoja na ushauri, na anayekutwa na virusi, kaswende au maradhi mengine huelekezwa kwenye matibabu.

6. NAMNA YA KUYASOMA MATOKEO

Uchunguzi wa makundi hayo matatu ulirudiwa mwaka 2011–12. Kwa wanaojidunga, kiwango kilikuwa asilimia 11.3 badala ya 16.0. Kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume kilikuwa asilimia 2.6 badala ya 12.3. Kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kilikuwa asilimia 19.3 badala ya 10.8.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba makundi mawili yamepona na moja limeharibika. Kabla ya kufikia uamuzi huo inafaa mambo manne yatazamwe.

(a) Watu waliohojiwa mara ya pili si wale wale wa mara ya kwanza. Mbegu wakibadilika, minyororo huweza kuingia katika mitaa mingine na kuwafikia watu wa umri mwingine. Kushuka kutoka asilimia 12.3 hadi 2.6 katika muda wa miaka michache ni kukubwa mno kupokewa kama mafanikio matupu pasipo kwanza kuulizwa ni nani waliofikiwa.

(b) Kila asilimia ina upeo wake wa chini na wa juu, kwa kuwa imetokana na sampuli. Tofauti ndogo kati ya miaka miwili huenda ikawa ni bahati nasibu tu.

(c) Kiwango cha wenye virusi hakionyeshi walioambukizwa mwaka huo peke yao. Hujumuisha wote walio hai wenye virusi. Dawa zikiwafikia wengi, vifo hupungua, na kiwango huweza kupanda ilhali maambukizi mapya yanashuka. Vivyo hivyo, kiwango huweza kushuka kwa sababu ya vifo, na hilo si jambo la kujivunia.

(d) Maarifa na mwenendo havina budi kusomwa pamoja. Ikiwa wengi wanajua kwamba sindano ya kushirikiana huambukiza na bado wanashirikiana, basi upungufu haumo katika mafunzo. Huenda umo katika kukosa sindano safi, kuogopa kukutwa nayo mfukoni, au kuzidiwa na uraibu. Bango jipya la kuelimisha halitatatua tatizo hilo. Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu ni mfano wa huduma inayolenga uraibu wenyewe. Kama, kwa upande mwingine, wengi hawajui kwamba mwenye sura ya afya anaweza kuwa na virusi, hapo elimu ndiyo inayohitajika kwanza.

7. WAJIBU WA WATUMISHI NA WANANCHI

Kutokana na yaliyoelezwa, yafuatayo yanafaa kuzingatiwa kila uchunguzi wa aina hii unapofanyika:

(i) Masheha na madiwani hujulishwa kwamba uchunguzi upo katika eneo lao. Hawatakiwi kuomba orodha ya washiriki wala kuweka mtu wa kuwatazama wanaoingia na kutoka. Wakiulizwa na wananchi, inatosha kueleza kwamba ni kazi ya afya yenye kibali.

(ii) Maafisa wa vyombo vya ulinzi na usalama hupewa taarifa mapema na ngazi za juu, ili doria za kawaida zisigeuzwe mtego karibu na ofisi ya uchunguzi.

(iii) Wahudumu wa afya hupokea wagonjwa wanaoelekezwa kutoka katika uchunguzi. Mgonjwa huyo ahudumiwe kama mwengine yeyote, bila ya kuulizwa alikotoka mbele ya watu, na bila ya kutangaziwa mwenendo wake kwa sauti dirishani.

(iv) Watumishi wanaoandaa mipango na bajeti wasome taarifa nzima, pamoja na sura inayoeleza namna washiriki walivyopatikana, kabla ya kunukuu asilimia yoyote katika waraka.

(v) Mwananchi aliyepewa kuponi ana khiari ya kwenda au kutokwenda. Asiihamishe kuponi hiyo kwa mtu asiyehusika, wala asimtaje aliyempa. Asiyepewa kuponi hana haja ya kuitafuta. Anayetaka kujua afya yake anaweza kwenda kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na siri yake huko ina haki ile ile ya kulindwa.

Namba zinazotokana na uchunguzi huu hutumika kukadiria dawa ngapi ziagizwe, kliniki ifunguliwe wapi na vijana wafundishwe nini. Zinategemea ukweli uliotolewa na watu wenye sababu nyingi za kunyamaza, na kila mtumishi na mkaazi ana sehemu yake katika kuhakikisha kwamba hawajutii kuutoa.